Tulimtema Mtu, Tukabakiza Salah

Jumapili ya tarehe 10 Agosti 2025, Ryan Ogam aliifunga Morocco pale Kasarani, Harambee Stars wakabaki kumi uwanjani, na bao hilo moja likashikiliwa hadi kipenga cha mwisho. Sisi tulikuwa Ruiru, watu saba kwenye kibanda cha supu chenye televisheni moja, tukirukaruka na kukumbatiana na watu tusiowajua. Nusu saa baadaye, supu ikiwa bado ina moto, watu hao hao saba tulikaa kikao kuamua kama tumfukuze mwenzetu wa nane.

Mwenzetu hakuwepo. Alikuwa Makongeni, Thika, na alituma ujumbe kwamba ataifuata mechi kwa simu. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Wote tulijua nauli ya kuja Ruiru na kurudi ilikuwa hesabu kwake mwezi huo.

Naandika haya nikijua kuna watakaosema naanika mambo ya kundi. Sawa. Sijamtaja mtu kwa jina, na mwenye kujijua atajijua.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe, kwa sababu si ule FPL wa kawaida unaochezwa na kila mtu kuanzia konda hadi mhubiri. Ule wa kawaida, kila mtu ana milioni 100 za kununua wachezaji 15, na nyote mnaweza kuwa na Haaland. Ndiyo maana kila Jumamosi timu zinafanana kama sare za shule. Wetu ni wa zamu. Mnakaa, mnachagua mmoja mmoja, na mchezaji akishachukuliwa na mmoja, wengine wamemkosa. Raundi 15, wachezaji 15. Haaland ni mmoja, na mwenye Haaland ni mmoja.

Halafu tuna sheria yetu ambayo haiko kwenye programu, tumeiandika kwenye daftari tu. Kila Agosti kabla ya msimu, kila mtu anaruhusiwa kubakiza mchezaji mmoja wa msimu uliopita. Lakini si bure. Unamlipia kwa zamu yako. Kama ulimchukua raundi ya kwanza, anakula zamu yako ya kwanza tena. Kama ulimchukua raundi ya kumi, anakula zamu ya tisa. Wengine wote wanarudi kapuni.

Sheria hiyo ndiyo inayotunyima usingizi Julai nzima. Nani abaki?

Msimamo wangu uko wazi na sijaubadilisha. Kubakiza mchezaji ni uamuzi wa kesho. Si zawadi ya jana. Mohamed Salah msimu wa 2024/25 alifunga mabao 29, akatoa pasi za mabao 18, akamaliza na pointi 344, nyingi kuliko mchezaji yeyote aliyewahi kupata kwenye FPL. Mwenyekiti wetu ndiye aliyekuwa naye, na Salah ndiye aliyempa ubingwa. Alipofika kikaoni hakuwa na la kujadili: Salah anabaki. Nilimuuliza, "Mwenyekiti, pointi 344 ni za msimu upi?" Akanijibu, "Za huyu mtu wangu." Nikamwambia ni za msimu ulioisha. Salah alikuwa ametimiza miaka 33 mwezi Juni. Kwa zamu ile ile ya kwanza ungepata mtu ambaye kilele chake bado kiko mbele. Swali si nani bora. Swali ni nani atakupa zaidi ya kile unachomlipia.

Mimi nilikuwa na wawili wa kufikiria. Cole Palmer, niliyemchukua raundi ya kwanza, na Antoine Semenyo wa Bournemouth, niliyemwokota raundi ya kumi wakati wengine wanagombania mabeki. Palmer nilimpenda. Tarehe 28 Septemba 2024 aliwafunga Brighton mabao manne kabla ya mapumziko, na mimi nilikuwa ndani ya matatu ya 237 nikipiga kelele peke yangu hadi dereva akaniangalia kwenye kioo. Mchezaji akikupa siku kama hiyo, unahisi una deni kwake. Lakini Palmer yuyo huyo alikaa zaidi ya miezi mitatu ya 2025 bila bao. Nikimbakiza, nalipa zamu ya kwanza. Nikimbakiza Semenyo, nalipa zamu ya tisa, ambayo wengine wanaitumia kuchukua kipa wa timu inayoshuka daraja. Nikamwacha Palmer. Wakanicheka hadi supu ikapoa.

Ijumaa ya tarehe 15 msimu ulifunguliwa Anfield. Semenyo alifunga mawili. Liverpool walishinda 4-2, Salah akafunga la mwisho, kwa hiyo Mwenyekiti naye alilala akitabasamu. Nisijisifu sana: zamu niliyookoa kwa kumwacha Palmer nilimchukua Bukayo Saka, na wiki ya pili tu akaumia msuli. Uamuzi mzuri unaweza kuzaa matokeo mabaya. Lakini kufikia Desemba, Salah alikuwa ameanza mechi tatu mfululizo akiwa benchi, na Mwenyekiti alikuwa ameacha kujibu meseji.

Kuna sababu nashikilia jambo hili kama dini. Nilisoma takwimu chuoni, kwenye barabara hii hii ya Thika, na niliacha mwaka wa 2023 kabla ya kumaliza. Watu huuliza kwa nini niliacha. Mimi hujiuliza kwa nini nilikaa muda wote ule. Mihula miwili ya mwisho nilikuwa najua kabisa siendi popote, karo inazidi kukosekana, nyumbani wameuza walichoweza kuuza, na bado nilikaa. Kwa nini? Kwa sababu tulikuwa tumeshalipa. Nilimbakiza Palmer wangu mihula miwili, na tulichopoteza kilikuwa shamba la nyanya la mama yangu. Kwa hiyo mtu akiniambia "lakini ametoka mbali na mimi" akizungumzia mchezaji, mwili wangu unakataa wenyewe.

Sasa mnaweza kuona kwa nini kikao kile kilinishinda.

Baada ya wachezaji kutajwa, mwenzetu mmoja, ambaye alimaliza mkiani na hivyo alikuwa na zamu ya kwanza kwenye kuchagua, aliweka simu mezani akasema, "Wasee, kuna kitu tumeikwepa." Ada ni shilingi 3,000 kila mtu. Wanane ni 24,000: bingwa 15,000, wa pili 6,000, wa tatu 3,000. Watu saba walikuwa wamelipa. Wa Makongeni alikuwa hajalipa. Kiwanda alichokuwa akifanya kazi kilipunguza watu mwezi Mei, naye akawa mmoja wao, na tangu hapo alikuwa anaishi kwa vibarua vya siku. Aliandika kwenye kundi akiomba alipe kidogo kidogo hadi Desemba. Wakati huo huo kulikuwa na jamaa wa Membley, ana gari, ana kazi, yuko tayari kutuma 3,000 dakika ile ile.

"Si kwa ubaya," mwenye zamu ya kwanza akasema. "Ni kama kubakiza mchezaji tu. Lazima tuangalie nani anaongeza thamani."

Nilihisi kama mtu ameniibia shati na kulivaa mbele yangu. Hayo yalikuwa maneno yangu. Dakika kumi kabla nilikuwa nimeyatumia kumcheka Mwenyekiti.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakulitaja, na meza nzima ililijua. Mwenzetu wa Makongeni ndiye aliyekuwa na Haaland, na alikuwa ameshasema anambakiza. Daftari letu linasema mtu akitoka, mchezaji wake anarudi kapuni. Na akirudi kapuni, nani anachagua wa kwanza? Sihitaji kumalizia.

Hoja zao nitaziweka kama zilivyosemwa, kwa haki, kisha nitasema kwa nini hazisimami.

Ya kwanza: sheria ni sheria, na tukimruhusu mmoja kesho wote watakuja na shida zao. Waache waje. Tulipoanza Agosti 2019, ndiyo kwanza tumetoka sekondari, ada ilikuwa shilingi 200, na wawili kati ya wanaopiga kelele leo za "sheria" walilipa Novemba. Daftari lipo. Nimelipiga picha. Sheria ya kulipa kabla ya msimu iliingia 2022, ada ilipopanda, na wakati huo wote tulikuwa na kazi au wazazi. Ni rahisi kutunga sheria kali wakati haikuelekei.

Ya pili: ni pesa, si urafiki. Hii ndiyo nasikia kila mahali, si Ruiru peke yake. Kama ni pesa tu, mbona hatujaweka hizo 3,000 kwa Sacco? Kama ni pesa tu, mbona tunakutana Jumapili, tunajua watoto wa wenzetu majina, tulichangishana bibi ya kinyozi wetu alipofariki? Mama zetu wamekuwa kwenye vyama tangu hatujazaliwa, na vyama hivyo vina faini na vina vitabu. Lakini mwanachama akipigwa na maisha, wanachofanya kwanza ni kumbadilishia zamu, apokee mapema au alipe baadaye. Hawaleti mama mwingine mwenye gari aketi kwenye kiti chake. Wanajua kwamba siku moja kiti hicho kitakuwa chao.

Ya tatu, na ndiyo iliyonichoma: haongezi thamani. Vijana wenzangu, neno hili tumelitoa wapi? Kila siku kwenye simu kuna mtu ameegemea gari la kukodi anatuambia tuwateme watu wasiotuongezea thamani. Punguza marafiki. Kagua mduara wako. Na sisi tunaitikia amina, kana kwamba siku ya kukaguliwa tutakuwa upande wa wakaguzi. Mwenzetu wa Makongeni alikuwa ametoka kusikia maneno hayo hayo mwezi Mei, kiwandani, yakisemwa kwa upole na mtu mwenye faili. Agosti akayasikia kutoka kwetu. Tofauti ni kwamba kiwanda kilimpa barua.

Hesabu ya mchezaji inafanya kazi kwa sababu mchezaji hajui kwamba nipo. Palmer hakulala na njaa nilipomwacha. Semenyo hakunishukuru. Mimi na Palmer hatukuwa na agano. Nilikuwa na jina lake kwenye skrini. Ndiyo maana naweza kumtazama kwa jicho la kesho tu, bila kuwa mtu mbaya. Rafiki ana jana yake na mimi, na jana hiyo ni deni halisi. Ililipwa kwa vitu halisi.

Nitawaambia jana yangu na yeye. Nilipoacha chuo Januari 2023 sikuweza kurudi nyumbani. Nililala kwenye bedsita yake Makongeni hadi Aprili. Kitanda kimoja, godoro moja sakafuni, tulikuwa tunapokezana. Alikuwa anatoka saa kumi na moja asubuhi kwenda kiwandani na kuniachia shilingi mia chini ya kikombe, kwa sababu alijua nikipewa mkononi nitakataa. Hakuniuliza naongeza thamani gani. Nilikuwa naongeza vyombo vichafu.

Na sasa sehemu ambayo ningependa kuiruka.

Hoja ilipoletwa, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani hakikuwa godoro lile. Nilijiuliza Haaland akirudi kapuni, atafika kwangu? Nilimaliza wa pili, kwa hiyo zamu yangu ilikuwa ya saba. Nikapiga hesabu haraka: wa kwanza atamchukua, haiwezekani. Hapo ndipo nikakasirika kwa niaba ya haki. Sijui ningekasirika kiasi gani kama zamu yangu ingekuwa ya kwanza. Sekunde hizo tano ndizo zimenifanya niandike makala haya, kuliko walichosema wengine wote.

Kuna mbaya zaidi. Mwezi Mei nilipokea shilingi 6,000 za nafasi ya pili. Ningeweza kumlipia ada yake pale pale mezani, kwa M-Pesa, na mjadala ungeisha kabla konda wetu hajaongeza pilipili kwenye supu. Ilikuwa imebaki elfu nne na kitu. Sikufanya hivyo. Nilitoa hotuba. Nilizungumza vizuri sana kuhusu vyama na akina mama, na simu yangu ikakaa mfukoni.

Tulikubaliana kupiga kura kwenye kundi usiku huo, ili naye aone. Kura ya kumfukuza mtu, mbele yake, kwa vidole vya juu na vya chini. Zilipofika tatu kwa tatu, ikibaki ya mwalimu wetu wa Juja ambaye alikuwa amezima simu, mwenzetu aliandika: "Sawa tu wasee. Msisumbuane. Msimu mwema." Kisha kile kimstari cha kijivu: ameondoka.

Hakuna aliyemfukuza, kwa hiyo kila mtu analala. Jamaa wa Membley alituma 3,000 Jumatatu asubuhi. Alhamisi tulichagua. Haaland alienda wa kwanza, kwa yule yule. Tarehe 2 Desemba, kule Fulham, Haaland alifikisha mabao 100 ya Ligi Kuu katika mechi yake ya 111. Alan Shearer, aliyeshikilia rekodi hiyo, alihitaji 124. Usiku huo kundi lilijaa vikaragosi vya moto na taji. Mimi nilipata ujumbe mmoja pembeni, kutoka Makongeni: "Mtoto wangu amefikisha mia." Hunitumia ujumbe kila Haaland akifunga. Sijawahi kujua kama ananitania au ananikumbusha.

Najua mtakaloniambia. Bro, ni mchezo tu. Ni wazungu wanakimbiza mpira mvua ikinyesha, na sisi tunakesha Thika Road tukihesabu pasi zao. Sikatai. Lakini hamkukiona kile kikao. Hakuna aliyekuwa anacheza pale. Na nadhani mchezo ndiyo mahali pazuri pa kumjua mtu, kwa sababu anadhani hakuna kilicho hatarini. Mtu anayeweza kumtoa rafiki wa miaka sita kwa ajili ya zamu ya kwanza ya Haaland, atafanya nini siku ikiwa ni shamba? Siku ikiwa ni tenda ya kaunti? Tunalalamika kuhusu viongozi wanaopindisha sheria wajipatie, halafu tunapewa daftari la shilingi 24,000 na tunafanya yale yale, tena kwa lugha safi zaidi.

Kwa hiyo napendekeza, na kikao cha Julai wayakute haya yakiwa yameandikwa.

Moja, mwanachama aliyecheza misimu mitatu hafukuzwi kwa ada. Akikwama, ada yake inakatwa kwenye ushindi wake, na asiposhinda inagawanywa kwa saba. Nimepiga hesabu: 3,000 kwa watu saba ni shilingi 429 kila mmoja. Hiyo ndiyo bei tuliyoshindwa kulipa. Supu na chapati mbili kwa mikao miwili.

Mbili, mtu akitoka, mchezaji aliyembakiza harudi kapuni msimu huo. Anakaa bure, hana mtu. Tuone ni wangapi watakuwa na bidii ya kufukuza wenzao wakati hakuna cha kurithi.

Tatu, jamaa wa Membley abaki. Hana kosa, aliitwa akaja. Tuwe tisa. Programu inaruhusu hadi 16.

Na wa Makongeni arudi, achague wa kwanza, kabla ya bingwa na kabla ya wa mwisho. Sijamuuliza kama anataka. Huenda asitake, na itakuwa haki yake. Lakini tangu Septemba naweka shilingi 250 kila mwezi, na kufikia Agosti zitakuwa 3,000 kamili. Hii si sadaka. Nikihesabu mia zilizokuwa chini ya kikombe kuanzia Januari hadi Aprili, bado nadaiwa.

Anayepinga asiandike kwenye kundi. Aje kibandani Jumapili, aseme mbele ya watu, na yeye ndiye atakayelipia supu.